Dondoo muhimu: Kutuliza darasa bila kiboko

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikavifanya kuwa kosa la jinai. Wapo walimu wanaosema darasa la wanafunzi 60 halitawaliki bila fimbo. Kweli, fimbo hunyamazisha. Lakini haimwonyeshi mtoto afanye nini badala yake, na mwanafunzi mwenye hofu haulizi swali. Darasa hutulizwa na utaratibu unaojulikana na mwalimu anayeaminika:

1. Tunga kanuni nne au tano pamoja na wanafunzi wiki ya kwanza, mzibandike ukutani.
2. Taja unachotaka: "Fungueni daftari, andikeni tarehe," badala ya "Acheni kelele!"
3. Msogelee anayepiga gumzo huku ukiendelea kufundisha. Mara nyingi hilo latosha.
4. Mkanye mkosaji kando; ukimwaibisha mbele ya wenzake, atashindana nawe.
5. Usiadhibu darasa zima kwa kosa la mmoja.
6. Anayesinzia, muulize kwanza kama amekula na alilala saa ngapi.
7. Aliyechafua asafishe; usitoe hesabu kama adhabu, asije akalichukia somo.
8. Ukipandwa na hasira, nyamaza kidogo, ndipo useme.
9. Msifu mwanafunzi kwa jambo mahususi: "Umemsubiri mwenzako amalize kusoma, vizuri."

Huruma haimaanishi kulegeza kamba: kanuni zibaki zilezile kwa wote, kila siku. Mwalimu, anza na dondoo mbili wiki hii, uzishikilie hadi muhula uishe.