SOMO LA TRAKTA: Kutia pete mpya za pistoni katika motere iliyochakaa

Walimaji, ninyi mnaokaa karibu na miji ya migodi kama Likasi na Kolwezi, mnajua kwamba watu wengi mjini hawana shamba, nao wanangojea mahindi yenu. Mnajua tena kwamba mvua haimngoji mtu. Katika Katanga inaanza mwezi wa 10 au wa 11, na shamba lililochelewa kulimwa halizai vizuri. Kwa hiyo trakta iliyokosa nguvu inapashwa kutengenezwa wakati wa kiangazi, si siku ya mvua ya kwanza.

Somo hili linafundisha kazi moja ambayo fundi mwenye subira anaweza kuifanya kijijini: kutia pete mpya za pistoni, zile ambazo mafundi wa garaji wanaziita segma. Mfano wetu ni trakta Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Motere yake ya mazuti, iliyotengenezwa na Perkins, ina silinda 3. Upana wa kila silinda ni milimetre 91,4.

Shikeni neno hili moja: pete haitiwi kwa kukisia, inapimwa kwanza.

1. KAZI YA PETE

Pete zina kazi tatu. Ya kwanza, kuzuia moto na hewa ya nguvu zisipite kando ya pistoni. Ya pili, kukwangua mafuta kwenye ukuta wa silinda ili yarudi chini. Ya tatu, kupeleka joto la pistoni kwenye ukuta wa silinda. Pete zikichakaa, nguvu inapotea, mafuta yanaungua, na pistoni inapata joto kupita kiasi.

2. DALILI

Tazameni moshi. Moshi wa buluu maana yake mafuta ya motere yanaungua. Moshi mweusi ni habari nyingine: mazuti ni mengi au hewa ni kidogo. Tazameni pia bomba la kupumulia la motere. Likitoa moshi mwingi kwa nguvu, moto unapita kando ya pete.

Mwenye saa ya kupimia mgandamizo apime kila silinda. Kisha atie ndani kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya motere, apime tena. Mgandamizo ukipanda, pete zimechakaa. Usipopanda, aangalie supape na gasketi ya kulasi. Asizidishe mafuta, kwa sababu mafuta hayagandamiziki, nayo yanaweza kupinda biele.

3. KUANGALIA SILINDA

Ukiisha kutoa kulasi na karteri, pitisha kidole juu ya silinda. Utasikia ukingo mahali ambapo pete ya juu haifiki. Ukingo huo uondolewe kwa chombo chake kabla ya kusukuma pistoni nje. Ukiuacha, pete mpya itaugonga na kuvunjika.

Kabla ya kutoa pistoni, tia alama: namba ya silinda, upande wa mbele, na kifuniko cha kila biele. Vifuniko visibadilishane hata kidogo.

Sasa pima uchakavu. Weka pete moja ya zamani juu ndani ya silinda, chini kidogo ya mahali pa ukingo, uilaze sawasawa, upime mwanya kati ya ncha zake. Isukume chini, mahali ambapo silinda haikuliwa, upime tena. Toa hesabu ndogo katika kubwa, ugawanye kwa 3,14. Tuseme juu umepata milimetre 0,80 na chini 0,50. Tofauti ni 0,30, basi silinda imepanuka juu karibu milimetre 0,1. Linganisha na kipimo cha kitabu cha trakta. Ikipita kipimo hicho, pete mpya peke yake hazitasaidia. Upeleke bloku kwenye garaji yenye mashini ya kubadili shemize, ndilo bomba la chuma la ndani ya silinda.

4. KUSAFISHA

Ukuta wa silinda uliong'aa kama kioo haushiki mafuta. Funika vilebrekeni kwa vitambaa vyenye mafuta, kisha sugua ukuta kwa mawe ya kusugulia silinda, ukiyapandisha na kuyashusha yakizunguka, mpaka mikwaruzo midogo ipishane. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni. Mazuti peke yake hayatoi unga wa jiwe. Kausha, upanguse kwa kitambaa cheupe chenye mafuta, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha paka mafuta upesi, kutu isiingie.

Mifereji ya pistoni isafishwe kwa kipande cha pete iliyovunjika. Kwangua makaa tu, usikwangue pistoni yenyewe. Fungua pia matundu madogo ya kurudisha mafuta.

5. KUPIMA MWANYA

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu motere. Wanasema: «Pete ni mpya, basi ni nzuri.» Lakini chuma kinarefuka kwa joto. Mzunguko wa pete ya motere hii ni karibu milimetre 287. Joto la pete likipita joto la silinda kwa digri 100, pete inarefuka karibu milimetre 0,3. Ikiwa haina mwanya wa kutosha, ncha zake zinagongana, inakwaruza silinda, inavunjika, pengine inaipasua pistoni.

Basi twaa kila pete mpya, uitie katika silinda yake. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, mpaka mahali ambapo silinda haikuliwa. Pima mwanya kwa vipande vyembamba vya chuma vya kupimia. Kanuni ya mafundi ni milimetre 0,3 mpaka 0,4 kwa kila milimetre 100 za upana wa silinda. Kwa silinda yetu ni karibu 0,27 mpaka 0,37. Lakini kitabu cha motere au karatasi iliyokuja na pete ikisema vingine, fuata hiyo.

Mwanya ukiwa mdogo, punguza ncha kwa tupa laini. Sukuma tupa kutoka nje kwenda ndani tu, ili chuma kigumu kilichopakwa nje kisibanduke. Mwanya ukiwa mkubwa mno, rudisha pete dukani: si ya silinda hiyo.

6. KUVISHA PISTONI

Anza na pete ya mafuta ya chini, umalize na ya juu kabisa. Pete yenye neno TOP au nukta, alama hiyo itazame juu. Usiipanue kupita haja, maana inavunjika. Kila pete izunguke bila kukwama katika mfereji wake. Mianya isipangane mstari mmoja. Igawanye kuzunguka pistoni.

7. KURUDISHA PISTONI

Paka mafuta, ubane pete kwa mkanda wake wa chuma, usukume pistoni polepole kwa mpini wa nyundo. Ikikwama, acha! Usipige. Pete moja imetoka nje ya mkanda. Toa pistoni uanze tena. Kaza vifuniko vya biele kwa ufunguo wenye kipimo, kama kitabu kinavyosema. Baada ya kila pistoni, zungusha motere kwa mkono.

8. KUANZA KAZI

Tia mafuta mapya na filitre mpya. Usiiache motere ingurume bure saa nyingi. Pete zinakaa vizuri motere ikifanya kazi. Saa 50 za kwanza ilimie kazi ya kiasi, ukiangalia mafuta kila asubuhi, kisha uyabadili.

Tena linda hewa. Vumbi la barabara za migodi lina mchanga mgumu kuliko chuma cha silinda. Safisha bakuli la filitre ya hewa, ubadili mafuta yake, na bomba lililopasuka libadilishwe. Kama vumbi linaingia, pete mpya zitakwisha kama zile za kwanza, na fedha za kijiji zitapotea.

MAULIZO

1. Kazi tatu za pete ni zipi?
2. Kwa nini pete inahitaji mwanya?
3. Juu umepima 0,95, chini 0,50. Silinda imepanuka kiasi gani?
4. Pistoni ikikwama unafanya nini?
5. Filitre ya hewa ya trakta yenu ilisafishwa lini?