SOMO: KUITAYARISHA NYUMBA YA CHAMA KABLA YA KUIUZA

Vyama vingi vya msingi vina nyumba za zamani: nyumba ya katibu, au ofisi iliyoachwa baada ya kujengwa mpya. Nyumba ikikaa bila mtu, mvua huingia juu na mchwa hupanda kutoka chini. Siku ya kuuza, mnunuzi huitazama mara moja na kutaja bei ya kiwanja kitupu. Hasara hiyo ni ya mkulima aliyekatwa ushuru wa chama kwa kila kilo aliyopima, mpaka nyumba ikasimama. Somo hili laeleza jinsi chama chenye fedha kidogo kiwezavyo kuzuia hasara hiyo.

1. Idhini kwanza

Mali ya chama ni ya wanachama wote. Kwa hiyo uamuzi wa kuuza upitishwe na Mkutano Mkuu, na muhtasari utaje bei ya chini isiyopunguzwa pamoja na kiasi kilichotengwa kwa matengenezo. Kabla ya kutangaza mauzo, katibu apate maelekezo ya Ofisi ya Mrajis kuhusu vibali vinavyotakiwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Nyumba ikiwa katika ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji nayo ihusishwe, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mjumbe wa Bodi au mtumishi anayetaka kuinunua nyumba hiyo atamke mapema, naye asikae katika kikao kinachojadili bei wala matengenezo.

2. Ukaguzi

Ukaguzi uanzie juu na kwenda chini, kwa kuwa maji huharibu kwa mpango huo huo. Mchana wa jua kali, milango na madirisha yafungwe. Mahali palipotoboka bati patajionyesha kwa mwanga. Nyumba yenye dari haina budi mtu apande juu yake. Kisha zitazamwe kuta, bawaba, vitasa, vioo, nyaya za mbu na choo. Njia za udongo za mchwa zitafutwe kwenye fremu za milango na mbao za paa. Penye ufa, ncha zake zitiwe alama ya kalamu na tarehe. Ufa ukipita alama hizo baada ya majuma kadhaa, huenda msingi una kasoro, na fundi aitwe kabla ya kutumia senti moja kwenye rangi.

3. Kugawa fedha

Kila kazi iulizwe swali moja: je, isipofanywa, nyumba itazidi kuharibika, au mnunuzi atashusha bei? Kazi isiyopata jibu la ndiyo iachwe. Kwa mfano, chama kilichotenga Sh. 400,000 chaweza kuzigawa hivi:

Paa na mifereji ya maji: Sh. 150,000
Nyufa, bawaba, vitasa na vioo: Sh. 110,000
Chokaa na brashi: Sh. 60,000
Akiba ya dharura: Sh. 80,000

Bei hutofautiana mahali na mahali, lakini mpango ubaki: paa, kuta, milango, na rangi mwisho. Kupaka rangi chini ya paa linalovuja ni kulipa mara mbili. Kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kuondoa takataka kwaweza kufanywa na wanachama wenyewe kwa siku moja ya kujitolea. Kila ununuzi uwe na stakabadhi.

4. Kupaka chokaa

Ukuta usuguliwe kwa brashi ngumu na kulowanishwa kidogo. Chokaa ichanganywe na maji, ilale usiku mmoja, ichujwe, kisha itiwe chumvi kidogo ili ishike. Mipako miwili au mitatu myepesi hudumu kuliko mmoja mzito. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Tena huunguza macho, mpakaji ajihadhari.

5. Kisichofaa kufichwa

Kuna tofauti kati ya kutengeneza na kufunika. Kupaka chokaa juu ya unyevu, au kuziba njia za mchwa bila kuwaua mchwa, ni kumdanganya mnunuzi. Masika yakija, doa litarudi ukutani, na mnunuzi atarudi ofisini na malalamiko. Kasoro ambayo fedha hazikutosha kuiondoa iandikwe na kuonyeshwa wazi. Huenda bei ikashuka kidogo, lakini jina la chama litabaki salama, nalo ndilo linalomfanya mkulima akiamini chama na mazao yake.

6. Siku ya kuonyesha nyumba

Madirisha yafunguliwe tangu asubuhi, sakafu ipigwe deki, na funguo zote zijaribiwe. Hati ya kiwanja, stakabadhi za kodi na ankara za maji na umeme ziwe tayari. Wajumbe wawili wawepo, na kila bei inayotajwa iandikwe. Malipo yapitie akaunti ya benki ya chama, si mkononi mwa mtu.

Mwanachama anayeuza nyumba yake mwenyewe aweza kufuata hatua hizi za matengenezo. Lakini akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Chama chenu kina nyumba gani isiyotumika, na ni nani aliyeikagua mara ya mwisho?
2. Kwa nini paa hutangulia rangi?
3. Mjumbe wa Bodi anataka kuinunua nyumba ya chama. Mkutano Mkuu utajuaje kwamba bei yake ni ya haki?