Dondoo muhimu: Sarafu ya kale ya babu

Umekuta sarafu ya zamani kwenye sanduku la babu hapo Mpanda? Usiisugue kwa majivu wala ndimu. Utayafuta maandishi, na wanunuzi hawapendi sarafu iliyong'arishwa.

Soma mwaka, kisha tafuta herufi ndogo. Kwenye senti za Afrika Mashariki za Mwingereza, H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria. Senti ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII ina kisa chake: mfalme huyo aliachia kiti Desemba mwaka huohuo, kabla ya kutawazwa.

Ukiona D.O.A. (Afrika Mashariki ya Wajerumani), 1916 na herufi T, tulia. Huenda hiyo ni heller 20 ya Tabora, waliyoigonga Wajerumani kwenye karakana ya reli walipozingirwa vitani. Ipo ya shaba nyekundu na ya shaba njano.

Waulize pia wazee waliofanya kazi reli ya Kaliua–Mpanda au mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda. Wengi hukumbuka sarafu ipi ilinunua nini, jambo usilolikuta kwenye katalogi. Nyaraka za utawala wa kikoloni zimo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mchuuzi akikuharakisha kuuza, mwache aende.