Vifaranga Wakati wa Jua Kali

Ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua huwaka sana katika nchi za chini za Usangu na Pawaga. Hata huku juu Mbeya na Iringa, ambako usiku twajifunika blanketi, mchana ua huwa wa moto. Ndipo twaona wafugaji wengi wakiwahurumia vifaranga wao na kuwatupia mahindi tele adhuhuri ili wapate nguvu. Huruma hiyo ni njema, lakini saa yake siyo.

Yafaa tujue ya kwamba kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la digrii 41 hivi, kupita letu, naye hulipunguza kwa kuhema kinywa wazi na kutanua mbawa, na kila ahemapo hupoteza maji. Tena chakula kinaposagika tumboni huongeza joto mwilini, mfano wa kuni motoni. Basi mahindi, mtama na pumba wapewe alfajiri na jioni, jua likiwa limepoa.

Mchana hakuna kitamu kilicho bora kuliko maji. Yatiwe katika chombo cha udongo, maana hupoza, nacho kikae kivulini. Kisiwe chenye kina, na ndani tuweke vijiwe, vifaranga wasije wakazama.

Maji yakiwapo, twaweza kuwaonjesha tango, tikiti maji, au mchicha uliokatwa-katwa. Vitu hivi hupoza, lakini havijengi mwili. Visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chao, la sivyo watashiba pasipo kukua. Wale wa majuma mawili ya kwanza tuwaache na chakula chao tu. Wakianza kuonjeshwa wapate na mchanga wa chenga, kwa sababu kuku hana meno, na mchanga ndio umsagiao. Mchwa ni bora zaidi, maana hujenga mwili. Nao wapewe asubuhi.

Lakini mabaki ya jikoni yaangaliwe sana. Rungwe kuna maparachichi mengi, na ganda lake na kokwa lake vina sumu kwa ndege, vichimbiwe. Kadhalika maganda ya viazi mviringo yaliyogeuka kijani, maharagwe makavu yasiyopikwa, na mahindi yenye ukungu, ambayo wengi hudhani kwamba yasiyofaa kwa watu yafaa kwa kuku. Wakulima wa nyanya wa Ilula nao wasiwatupie majani yake.

Kifaranga akilegea kwa joto, apelekwe kivulini, alowekwe miguu katika maji ya baridi kiasi, kisha apewe maji ya kunywa. Bali akihema huku anaharisha kijani, au shingo ikipinda, hilo si jua. Yamkini ni kideri, wala hakuna tango litakalomponya. Atengwe na wenzake, na bwana mifugo aitwe upesi. Chanjo ya kideri ni tone moja la jicho, na hurudiwa kila miezi 3. Hutolewa kwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujaingia kijijini.