SOMO KWA MAKATIBU: Mafaili ya Muda na Mfagiaji wa Kompyuta

Zamani za misafara, mali iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe, palipo mji wa Tabora leo. Mizigo iliachwa njiani chini ya ulinzi wa mtu mpaka mwenyewe atokee. Mwaka 1871 Daktari Livingstone, yule aliyekuja kukaa katika tembe la Kwihara mwaka uliofuata, aliwasili Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akitumaini kukuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja. Alikuta zote zimekwisha kuuzwa. Aliyekabidhiwa mali hiyo alidai kwamba alipiga ramli, na ramli ikamwambia mwenye mali amekufa.

Kosa la namna hiyo hutokea hata sasa ndani ya kompyuta za vyama vyetu, ila ramli ya kompyuta ni tarehe. Kitu kisichoguswa kwa siku kadhaa huhesabiwa kuwa hakina mwenyewe, kikafutwa. Yafaa kila katibu aelewe jambo hili kabla ya msimu wa masoko.

1. Mafaili ya muda ni nini?

Programu inapofanya kazi huandika mafaili ya kando: ukurasa unaosubiri kuchapwa, kiambatisho kilichofunguliwa kutoka kwenye barua pepe, hesabu ambayo haijakamilika. Haya ndiyo mafaili ya muda. Programu hupaswa kuyaondoa imalizapo kazi, lakini umeme ukikatika au programu ikikwama, hubaki.

Kompyuta ya mtu mmoja ikijaa takataka, hasara ni yake peke yake. Seva inayotumiwa na watu wengi ni kama ghala la shirika: mabaki ya mmoja yakijaza nafasi, wote hushindwa kuhifadhi kazi zao, hata wasiokosa. Katika Linux na mifumo ya jamaa yake, folda ya wote ya vitu vya muda huitwa «tmp». Kila mtumiaji aweza kuweka kitu humo. Folda hiyo huwekewa alama ya pekee inayomzuia mtu kufuta faili la mwenzake. Afutaye ni mwenye faili au msimamizi mkuu wa mfumo.

2. Mfagiaji hufuata kanuni gani?

Kwa kuwa watu husahau, kazi ya kusafisha hupewa programu yenye mamlaka ya msimamizi mkuu. Katika mifumo mingi ya Linux, kanuni ya kawaida ni kufagia kila siku, na kufuta katika «tmp» kila kisichosomwa wala kubadilishwa kwa siku 10. Katika folda ndugu yake, «var/tmp», muda ni siku 30. Katika baadhi ya mitambo folda ya «tmp» imo katika kumbukumbu ya umeme, hivyo hubaki tupu kila mtambo unapozimwa. Windows nayo yaweza kuwekwa ifute mafaili ya muda yenyewe, na kumwaga pipa la taka baada ya siku kadhaa.

Msimamizi aweza kuzibadili siku hizo. Asiloweza ni kumfundisha mfagiaji thamani ya kitu. Mfagiaji hatofautishi hesabu ya marobota ya mkulima na salamu za sikukuu. Hutazama tarehe tu.

3. Hatari zilizopo

Tuchukue mfano wa katibu aliyeletewa kwa barua pepe orodha ya mauzo ya tumbaku. Anaifungua papo hapo, anasahihisha uzito na madaraja, anaweka makato ya pembejeo, kisha anabonyeza «hifadhi». Hajui kwamba faili limehifadhiwa katika folda ya muda. Malipo yanachelewa wiki kadhaa. Fedha zikifika, orodha iliyosahihishwa haipo. Imebaki ile ya kwanza yenye makosa. Mkulima aliyekatwa deni mara mbili hana pa kuonyeshwa haki yake, na katibu hana cha kumjibu mkaguzi. Hakuna aliyeiba, lakini mwanachama amedhulumika.

Hatari ya pili ni kanuni iliyoandikwa vibaya. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zamani za mtambo ilibadilishwa ilhali bado inaendeshwa. Ikapoteza jina la folda iliyopaswa kufagia, ikafuta kazi za watafiti: mafaili yapata milioni 34 ya vikundi 14. Vikundi 4 havikuweza kurudishiwa kazi zao.

Je, dawa ni kumzuia mfagiaji? La. Ile alama ya pekee huzuia kufuta, haizuii kusoma. Orodha ya wanachama yenye namba za simu na za benki ikiachwa katika folda ya wote, mwingine aweza kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki taarifa za mtu zikae kupita haja yake.

4. Wajibu wa katibu

(a) Amwulize fundi wa mfumo ni folda zipi zinafagiwa na baada ya siku ngapi, na jibu liandikwe na kubandikwa ofisini.

(b) Kiambatisho kihifadhiwe kwanza katika folda ya chama, kwa jina na tarehe, ndipo kifunguliwe na kusahihishwa.

(c) Hesabu za wanachama ziwe na nakala katika chombo kingine kinachotunzwa nje ya ofisi, na nakala iliyochapwa, kutiwa sahihi na kupigwa mhuri.

(d) Kabla ya kanuni mpya ya kufagia kuanza, fundi aiendeshe kwa majaribio, itoe orodha ya vitakavyofutwa bila kufuta. Bodi ione orodha hiyo.

(e) Faili lililokwisha kazi lifutwe na mwenyewe. Anayesafisha kwa hiari yake hufuta anachokijua.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Orodha ya malipo ya msimu uliopita imehifadhiwa katika folda gani? Nani aliithibitisha?

2. Kompyuta ya chama ikifagiwa usiku wa leo, ni kumbukumbu zipi za wanachama zitakazopotea?

3. Je, mwanachama akija kesho kudai hesabu yake, ataonyeshwa nini?

Chama kisichoweza kujibu swali la pili hakina budi kulijibu kabla soko la kwanza halijafunguliwa.