Shingo Inapopinda: Dawa za Ugonjwa wa Akili na Misuli ya Vijana

Chukua mfano wa kijana wa sekondari huko Pangani. Anasikia sauti zisizokuwapo, na hospitalini anapewa haloperidoli. Siku ya pili shingo inapinda, macho yanageukia juu na ulimi unakuwa mzito, ingawa fahamu anazo. Baadhi ya jamaa husema ni pepo. Dawa hutupwa, kijana akapelekwa kupungwa. Wengine hudhani ni pepopunda. Yafaa basi kuuliza: ni nini kilichoishika misuli ile?

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, ambayo uchunguzi wake ulimpatia Arvid Carlsson wa Sweden Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Katika sehemu moja ya ubongo, dopamini ikizidi huhusika na kuzuka kwa sauti na dhana za uongo. Katika sehemu nyingine huratibu mwendo wa viungo. Dawa za aina hii, ambazo ya kwanza, kloropromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, huziba vipokezi vya dopamini katika sehemu zote mbili. Hapo kemikali nyingine, asetilikolini, hupata nguvu kupita kiasi, na misuli hukazana.

Ushahidi kwamba huo si wazimu ni huu: metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, nayo huziba dopamini, na huweza kumpinda shingo mtu mwenye akili timamu.

Madhara haya yana nyakati zake. Mkazo wa misuli hutokea ndani ya siku chache, na huwapata zaidi vijana, hasa wavulana. Kushindwa kutulia na kutetemeka hufuata baada ya siku au majuma. Kuchezacheza kwa midomo na ulimi huja baada ya miezi au miaka, na pengine hakuishi. Hatari iko katika kutotulia: kukidhaniwa kuwa ni ugonjwa unaozidi, dawa huongezwa, na hali huwa mbaya zaidi.

Mkazo hutibika. Sindano ya dawa inayopunguza nguvu ya asetilikolini, kama prometazini, mara nyingi huulegeza ndani ya nusu saa. Ukifika kooni huzuia pumzi, hivyo hapana budi kuwahi hospitali. Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake, maana ugonjwa huweza kurudi. Daktari ndiye apunguze kipimo au abadili dawa. Mkoani Tanga, hospitali ya Lutindi, wilayani Korogwe, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Maswali
1. Kwa nini dawa moja hutuliza sauti na papo hapo hukaza misuli?
2. Mwanafunzi anayetumia dawa hizi hawezi kuketi darasani. Mwalimu afanye nini kabla ya kumwadhibu?