SOMO LA MWEZI: Kupaka upya boti ya koperative rangi yenye kung'aa



Mara mingi katika gazeti hili tunaongeaka juu ya mbegu, magonjwa ya muhogo na namna ya kukausha kakao. Leo tunaongea juu ya boti. Mutu anaweza kuuliza: maagronomu wanatafuta nini ku boti? Jibu ni rahisi. Huku Barumbu mavuno hayaishii shambani. Mpunga, mahindi, muhogo, mawese na kakao vinapita ku mto mbele ya kufika Kisangani. Kama balenieri inaingiza maji njiani, kazi ya msimu mzima inalowana, na watu wanaokaa juu ya mifuko wako ndani ya hatari.

Koperative mingi zinapanga kupaka boti yao rangi ya mafuta yenye kung'aa. Ni mpango muzuri. Lakini tumeona pia boti inang'aa kama sahani mpya, na chini ya ile rangi mbao imeoza. Somo hili litasaidia kila kamati kujua kitu gani kifanywe mbele, na kitu gani kingoje.

1. Rangi inafanya kazi gani?

Rangi ni nguo ya mbao. Inazuia mvua isiingie, inazuia jua lisipasue mbao, na inafanya uchafu utoke upesi wakati wa kuosha. Lakini rangi haizibi ufa, haikazi msumari uliolegea, na haiponyi mbao iliyooza.

Kuoza kunaletwa na kuvu, ndugu ya ile kuvu inayoharibu mahindi ndani ya gala. Inapenda mbao yenye maji. Mbao ikiwa kavu, maji yake chini ya asilimia 20, kuvu haipati nguvu. Wakulima wanajua hii sheria tayari. Hakuna mutu anayefunga mahindi mabichi ndani ya mfuko na kungojea yabaki mazuri. Vilevile hatufungi mbao mbichi ndani ya rangi. Maji yanabaki ndani, jua linayapasha moto, rangi inainuka kama malengelenge, na chini yake mbao inaoza bila mutu kuona.

2. Wakati wa kufanya kazi

Eneo letu linapata mvua karibu mwaka mzima, lakini mwezi wa 1 na wa 2 zinapungua. Ni wakati huo pia maji ya mto yanashuka na michanga inaonekana. Boti inaweza kuvutwa inchi kavu bila taabu kubwa. Miezi ya 6 na ya 7 inaweza kufaa pia, lakini angalieni mawingu.

Wekeni boti juu ya magogo, isiguse udongo, na upepo upite chini. Jengeni kivuli cha majani juu yake. Jua kali linapasua mbao yenye kulowana, kwa hiyo ikauke polepole. Juma mbili ao tatu si mingi.

Namna ya kujua kama mbao imekauka: kata kipande cha plastiki kama ukubwa wa kitabu, kikaze juu ya mbao kwa kamba ya kunata pande zote ine, kiache usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone ya maji chini ya plastiki, bado. Ngoja tena. Rudia hivyo mahali patatu: mbele, katikati na nyuma.

3. Mpime boti mbele ya kununua rangi

Kazi hii ifanywe na mjenzi wa boti pamoja na wanamemba wawili, na matokeo yaandikwe ndani ya daftari ya koperative.

- Gongeni kila ubao kwa mpini wa nyundo. Ubao muzima unalia kwa sauti kali. Ule ulioza unalia kama boga.
- Chomeni kwa ncha ya kisu, zaidi karibu na misumari na mahali mbao mbili zinakutana. Kisu kikiingia bila nguvu, ubao unatoka.
- Angalieni misumari. Kutu inayotiririka chini ya kichwa cha msumari inaonyesha maji yameingia. Wekeni msumari mupya wenye kupakwa zinki.
- Angalieni kamba na lami zilizozibia nyufa. Zikikauka na kukatikakatika, ziondolewe na kuwekwa mpya.

Hapa njo tunafika ku neno kubwa la somo hili. Makuta ya kwanza iende ku mbao, misumari na kuziba nyufa. Ile inayobaki njo ya rangi. Kama makuta haitoshi kwa yote mawili, rangi ingoje mwaka ujao. Boti yenye sura mbaya na isiyovuja inafikisha mifuko. Boti nzuri yenye kuvuja haifikishi kitu.

4. Rangi gani, na mahali gani?

Boti iko na sehemu tatu, na kila moja iko na dawa yake.

*Pande za nje, juu ya mstari wa maji.* Hapa njo mahali pa rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya boti. Ile ya ndani ya nyumba haivumilii jua na mvua sawasawa. Na rangi ya maji ya kupaka ukuta hapana kabisa.

*Tumbo la boti, chini ya mstari wa maji.* Rangi yenye kung'aa haikutengenezwa kukaa ndani ya maji usiku na mchana. Ikikaa hivyo inavimba na kutoka. Chini wekeni lami kama wajenzi wetu wanavyozoea. Mchuuzi akiwaambia mnunue rangi ya bei kali ya kuua wadudu wa baharini, msinunue. Ule mdudu wa bahari anayetoboa mbao haishi katika maji matamu ya mto wetu.

*Ndani ya boti.* Msifunge ndani kwa rangi yenye kung'aa. Maji kidogo yanaingiaka kila siku, na mbao inapashwa kupata njia ya kuyatoa. Mafuta ya kitani yanatosha, ikiwa mjenzi anayapata.

Angalisho moja kubwa: rangi ya mafuta haishiki juu ya lami. Lami inapita ndani ya rangi, inaleta madoa ya kahawia, kisha rangi inapasuka kama matope ya kiangazi. Kama pande za boti zilipakwa lami zamani, ikwanguliwe yote mpaka mbao ionekane. Ikishindikana, endeleeni na lami na mchunge makuta yenu.

5. Hesabu ya rangi

Tuchukue mfano wa balenieri ya metre 12, yenye kimo cha sentimetre 80 juu ya mstari wa maji.

- Eneo: 12 × 0,80 × pande 2 = metre za mraba 19,2. Tuseme 20.
- Rangi ya kwanza, ile ya kukamata mbao: litre 1 inapaka karibu metre za mraba 8 ku mbao ya msumeno. 20 ÷ 8 = litre 2,5. Nunueni 3.
- Rangi yenye kung'aa: litre 1 inapaka karibu metre za mraba 10. Tunapaka mara 2: 40 ÷ 10 = litre 4.

Kamati ikiwa na hesabu hii mkononi, hakuna mutu atakayeleta faktire ya litre 15 kwa kazi ya litre 7.

6. Kazi yenyewe

1. Kwangueni rangi ya zamani yote inayoinuka. Ile inayoshika vizuri isuguliwe kwa msasa tu, mpaka ising'ae tena.
2. Osheni kwa maji safi, acheni ikauke kabisa. Rudieni kipimo cha plastiki.
3. Mbao kama iroko iko na mafuta yake ya asili ambayo yanachelewesha rangi kukauka. Pangusieni kitambaa chenye diliyani, kisha mpake siku ileile.
4. Pakeni rangi ya kwanza. Iongezwe diliyani kidogo, karibu kikombe 1 kwa vikombe 10, ili iingie ndani ya mbao. Shimo ndogo zizibwe na mastiki baada ya rangi hii kukauka.
5. Sugueni polepole na msasa laini, pangusieni vumbi.
6. Pakeni rangi yenye kung'aa mara ya kwanza. Iwe nyembamba. Vutieni burashi kwa urefu wa ubao, na mmalizie kwa kuipitisha polepole, karibu bila kukandamiza.
7. Ngojeni siku nzima, ao zaidi kama hewa iko na unyevu. Sugueni tena kidogo, kisha pakeni mara ya pili.
8. Acheni boti juma nzima mbele ya kuirudisha ku maji.

Kila siku anzeni wakati umande umeisha, na mwache saa tisa ya mchana. Umande wa jioni ukishuka juu ya rangi mbichi, kung'aa kunapotea. Na kumbukeni: mara mbili nyembamba zinapita mara moja nzito. Rangi nzito inakauka juu na kubaki mbichi chini.

7. Hatari ambazo hatupashwe kusahau

*Risasi.* Rangi za zamani, zaidi ile nyekundu ya kuzuia kutu, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake linaharibu akili ya watoto. Sugueni mbao ikiwa na maji kidogo juu, funikeni pua na mdomo, watoto wakae mbali. Vipande vyote vikusanywe juu ya hema, visitupwe ku mto wala visichomwe.

*Moto.* Diliyani, esanse na lami vinawaka upesi. Hakuna sigara, hakuna kupika karibu. Na hata kisha rangi kukauka, boti inabaki mbao. Mwezi wa Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto na kupinduka, na watu zaidi ya 100 walikufa.

*Harufu.* Kakao inanyonya harufu upesi sana. Mkipakia kakao katika boti yenye kunuka rangi mbichi, mnunuzi atakata bei ao atakataa mzigo. Ngojeni mpaka harufu iishe kabisa.

*Bidoni na makopo.* Kopo la rangi halibebi mawese, maji ya kunywa wala mbegu. Hata likioshwa mara kumi. Mlitoboe.

8. Mstari wa mzigo

Mbele ya kufunga kopo la mwisho, bado kazi moja. Chukueni rangi nyeupe, mchore mstari kila upande wa boti: maji yasipite hapa. Mahali pa mstari paamuliwe na mjenzi na komiseri wa mto, si na mwenye haraka ya kusafiri.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti kutoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiona. Ilikuwa imebeba watu kupita nguvu yake. Mstari mweupe unamsaidia mwanamemba ambaye hana nguvu ya kubishana na nahodha. Anaonyesha kwa kidole tu: mstari umezama, mfuko wangu unashuka, na mimi ninashuka pia.

Maswali ya kujadili mu kikao

1. Boti yetu ilivutwa inchi kavu mara ya mwisho mwaka gani? Nani aliandika hali ya mbao?
2. Tukifanya hesabu ya sehemu ya 5 kwa boti yetu, tunahitaji litre ngapi?
3. Makuta tuliyo nayo inatosha kwa mbao, misumari na nyufa? Ikitosha, nini inabaki kwa rangi?
4. Nani atachunga mstari wa mzigo siku ya soko, na koperative itamuunga mkono namna gani?

Kazi ya mwezi huu: kila kamati ipime boti yake kwa kisu na nyundo, na matokeo yasomwe mbele ya wanamemba wote. Rangi itanunuliwa baadaye.